Kuitunza Pampu ya Maji Wakati wa Jua na Vumbi

Mwezi huu twataka kunena habari za chombo ambacho watu hukisifu siku kinapofungwa, kisha hukisahau mpaka siku kinapokufa. Chombo hicho ni pampu ya maji ya nyumbani. Somo hili twaliandika kwa ajili ya watu wa Manyovu na nchi za Kasulu na Kibondo, lakini hata wasomaji wa mahali pengine penye jua kali na mavumbi watapata humu neno la kuwafaa. Walimu wanaosoma gazeti hili pamoja na watu wao wataona maswali mwishoni. Yafaa yaulizwe mbele ya pampu yenyewe, mikono ikiigusa, wala si chumbani tu.

Kwanza tusimulie jambo tuliloliona. Kiangazi kimoja tulifika katika nyumba moja upande wa Kasulu. Uani palikuwa na kisima kizuri kilichochimbwa kwa mkono, kimefunikwa kwa saruji, na pampu imesimama juu yake. Lakini mpini wa pampu ulikuwa umelala chini, na kuku walikuwa wakijitia vumbi mahali palipopasa kuwa na maji. Tukamwuliza mwenye nyumba, “Mzee, pampu imepatwa na nini?” Akajibu, “Wanangu, ilianza na nati moja.”

Ndipo akatueleza. Nati ya mpini ililegea mwezi wa Juni. Nyumbani hapakuwa na spana, basi wakaikaza kwa vidole. Baada ya siku chache ikaanguka, ikapotea vumbini, na boliti nayo ikafuata. Wakatia msumari mahali pa boliti. Msumari ulikuwa mwembamba kuliko tundu, kwa hiyo mpini ukaanza kucheza. Ukacheza mwezi mzima, ukalila tundu lile hata likawa refu kama yai. Mwezi wa Agosti, mtoto alipokuwa akiteka maji, msumari ukakatika, mpini ukamwumiza kidevu, na fimbo za chuma zikaangukia kisimani. Tangu siku ile mama wa nyumba na binti zake waliamka alfajiri kushuka bondeni, wakapanda tena mlima na ndoo kichwani. Maji ya bondeni ni machache wakati ule, tena ng'ombe huyanywa yayo hayo. Mtoto mdogo wa nyumba ile tulimkuta amelala mkekani, tumbo linamwendesha.

Nati moja, wasomaji! Kitu cha kutia mfukoni. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta, na neno hilo ni la kweli kwa pampu kuliko kwa nyumba. Wala watu wa Kigoma hawana haja ya kufundishwa maji machafu yaweza kufanya nini. Mwezi wa Mei 2015, maelfu ya watu waliokimbia machafuko ya Burundi walijazana Kagunga, penye ufuko wa Ziwa Tanganyika. Wakanywa maji ya ziwa, kipindupindu kikaingia kati yao, na kwa muda mfupi watu zaidi ya 30 wakafa. Basi mtu aitunzaye pampu yake asidhani ya kuwa anatunza chuma. Anatunza matumbo ya watoto wake na miguu ya mkewe.

1. JINSI PAMPU INAVYOFANYA KAZI

Mtu hawezi kukitunza chombo asichokielewa. Pampu za mkono zina majina mengi, lakini nyingi zina siri moja. Chini kisimani mna silinda, yaani bomba fupi lililo laini upande wa ndani. Katika silinda hiyo mna milango miwili. Mlango wa chini hukaa mahali pamoja. Hufunguka kuyaruhusu maji yaingie, kisha hujifunga yasirudi. Mlango wa pili umo katika pistoni, nayo hupanda na kushuka pamoja na fimbo ndefu iliyofungwa kwenye mpini. Pistoni imezungushiwa pete ya mpira au kikombe cha ngozi, kusudi maji yasipenye ubavuni.

Mpini ukishushwa, pistoni hupanda, hubeba maji yaliyo juu yake, na nyuma yake maji mengine huingia kwa mlango wa chini. Mpini ukiinuliwa, pistoni hushuka, mlango wake hufunguka, na maji hupita juu yake. Hivyo maji hupanda hatua kwa hatua, kama mtu apandaye ngazi bila kurudi nyuma. Karibu magonjwa yote ya pampu ni ya milango hiyo, au ya pete hiyo, au ya bomba linalovuja, au ya viungo vya mpini. Mtu akiyajua mambo hayo manne, hatadanganywa na fundi mwongo.

Nchi ya Manyovu ni ya milima na chemchemi, na mahali pengi watu huteka maji ya chemchemi yanayoshuka yenyewe katika mabomba. Lakini nyumba zilizo juu ya vilima, na zile za nchi ya chini kuelekea mto Malagarasi, huenda zikategemea kisima na pampu. Namna za pampu ni hizi:

Pampu ya kamba. Hii ina gurudumu, na kamba iliyofungwa vizibo vidogo vya mpira au plastiki, na bomba jembamba. Ukilizungusha gurudumu, vizibo hupanda ndani ya bomba na kuyainua maji. Pampu hii ilienea sana kwanza katika nchi ya Nicaragua. Kwetu Tanzania mafundi wamefundishwa huko Njombe kuitengeneza kwa vitu vinavyopatikana madukani.

Pampu ya kisima kirefu. Iliyo mashuhuri ni India Mark II, iliyotengenezwa India katika miaka ya 1970 kwa kufuata mfano wa pampu ya mji wa Sholapur. Ni imara sana, lakini ile ya namna ya kwanza haifunguliwi chini ila kwa kung'oa mabomba yote. Nyingine ni Afridev, iliyobuniwa Malawi na Kenya katika miaka ya 1980, kusudi watu wa kijiji waweze kuitengeneza wenyewe. Spana moja yatosha kwa boliti zake, na pistoni na mlango wa chini huvutwa nje bila kung'oa bomba.

Pampu fupi ya kuvuta, ambayo silinda yake iko juu kabisa karibu na mpini. Hapa twawaomba wasomaji wa nchi ya milima wasikilize sana. Pampu hii haiyainui maji yaliyo chini kwa nguvu zake yenyewe, bali uzito wa hewa ndio unaoyasukuma juu. Penye usawa wa bahari uzito huo hauwezi kuyainua kupita mita 10 hivi, na katika kazi halisi ni mita 7 tu. Tena kadiri mtu apandavyo mlima, hewa hupungua uzito, na kila mita 1,000 za kupanda hupunguza mita 1 na zaidi. Ndiyo sababu pampu iliyofanya kazi vema Bagamoyo yaweza kushindwa juu ya vilima vyetu, na mwenyewe akamlaumu fundi bure. Katika nchi ya juu, ikiwa maji ya kisima chako hushuka kupita mita 5 wakati wa kiangazi, usiinunue.

2. ADUI WATATU

Adui wa kwanza ni vumbi. Mvua zikiisha mwezi wa Mei, udongo wetu mwekundu hukauka, na kufika Julai na Agosti kila gari lipitalo huacha wingu nyuma yake. Vumbi hilo hutua juu ya kila kiungo cha pampu. Vumbi peke yake ni baya, lakini vumbi lililochanganyika na grisi ni baya zaidi, maana huwa kama tupa. Kila mpini upandapo na kushuka, tupa hiyo hula chuma kidogo kidogo. Watu wengi huiona grisi nyeusi iliyokauka, wakapaka nyingine juu yake, wakajisifu ya kuwa wameitunza pampu. Kumbe wameongeza tupa juu ya tupa. Kwa hiyo kanuni yetu ya kwanza ni hii: futa kabla ya kupaka.

Tena si kila kiungo chataka grisi. Mnyororo wa India Mark II hupakwa grisi, na mahali pa kuzungukia pa gurudumu la pampu ya kamba hutiwa matone machache ya mafuta. Lakini bushi za plastiki za Afridev zilifanywa zifanye kazi kavu. Ukizipaka grisi hazitaenda vema zaidi, ila zitashika vumbi na kulika upesi. Hizo zifutwe kwa kitambaa kikavu, basi.

Adui wa pili ni mchanga, naye hutoka chini. Mchanga ukiingia katika silinda hukwaruza kuta zake, hukata pete ya mpira, na hukaa katika mlango wa chini usifunge. Kumjua si vigumu. Jaza chupa nyeupe maji ya pampu, uiache mahali patulivu kwa saa moja, kisha tazama chini yake. Ukiona mchanga, usiseme ni kidogo. Huenda silinda imeshuka karibu mno na sakafu ya kisima, au chujio limetoboka, au watu hupiga maji kwa haraka kuliko kisima kinavyoweza kutoa. Dawa yake ni kuiinua silinda mita moja au zaidi kutoka sakafuni, na kukisafisha kisima. Wakati mwema wa kusafisha na kuongeza kina ni mwisho wa kiangazi, mwezi wa Septemba, maji yakiwa chini kabisa. Atakayechimba wakati wa masika atafurahi kuona maji mengi, na kiangazi kitakapofika atapiga hewa.

Adui wa tatu ni jua. Jua hulifanya bomba la plastiki lililo wazi kuwa gumu na jepesi kuvunjika, basi lifunikwe kwa udongo au lipakwe rangi. Jua huila kamba ya pampu hata ikatoa nyuzi kama mkonge; kwa hiyo gurudumu la pampu ya kamba lijengewe kipaa kidogo. Jua huikausha ngozi isiyotumiwa. Kikombe kipya cha ngozi kilowekwe katika mafuta usiku kucha kabla hakijafungwa. Pete za mpira za akiba zisiwekwe dirishani, wala juu karibu na mabati, bali ndani ya kopo lenye kifuniko, mahali pa giza na baridi.

Jua lina hila moja tena, nayo ni juu ya saruji. Wengi hujenga jukwaa la kisima wakati wa kiangazi kwa sababu njia ni kavu na kazi za shamba zimepungua. Vema, lakini saruji ikikauka upesi hupasuka, na kwa ufa ule maji machafu ya juu hurudi kisimani. Saruji mpya ifunikwe kwa magunia au majani ya mgomba, ikamwagiwe maji asubuhi na jioni kwa siku 7.

3. KAZI ZA KILA WAKATI

Pampu haitaki kazi nyingi, yataka kazi ndogo isiyoachwa. Achaguliwe mtu mmoja wa nyumbani, mwanamume au mwanamke au kijana aliye mwangalifu, na kazi hii iwe yake. Kazi ya watu wote si kazi ya mtu.

Kila siku: Fagia jukwaa na mfereji. Sikiliza sauti ya pampu wakati mtu ateka maji. Pampu mgonjwa hulia kabla ya kufa. Wakataze watoto kuubembea mpini au kuugonga chini kwa nguvu.

Kila juma: Futa vumbi kwenye viungo vyote kwa kitambaa kikavu. Jaribu kila nati kwa spana, hasa za mpini na za miguu ya pampu. Tazama kamba kama imetoa nyuzi, ukiizungusha yote hata fundo lirudi mahali pake.

Kila mwezi: Fungua kifuniko cha kichwa. Futa grisi ya zamani yote, kisha paka mpya mahali panapotaka grisi. Hesabu mapigo ya ndoo, kama tutakavyoeleza. Tazama nyufa za jukwaa.

Kila mwaka, kiangazi kikiwa karibu kuanza: Vuta pistoni na mlango wa chini, au mwite fundi avivute. Badili pete ya mpira hata kama bado haijakatika, maana bei yake ni ndogo kuliko siku moja ya kushuka bondeni. Badili bushi zilizolika. Piga rangi penye kutu. Ifanye kazi hii mwezi wa Mei, wala usingoje Agosti, wakati kila nyumba inamtafuta fundi yule yule.

4. HESABU YA MAPIGO

Neno hili ndilo twapenda msomaji alichukue hata akiyasahau mengine. Siku pampu ikiwa mpya, au imetoka kutengenezwa, weka ndoo ya lita 20, upige maji kwa mwendo wa kawaida, ukihesabu. Andika katika daftari: tarehe, na mapigo mangapi yameijaza ndoo. Kwa pampu ya kamba hesabu mizunguko. Hesabu hiyo ni ya pampu yako mwenyewe. Usiilinganishe na ya jirani, maana visima na pampu hazifanani.

Kila mwezi hesabu tena, uandike. Tuseme mwezi wa Mei ndoo ilijaa kwa mapigo 50, Juni 52, Julai 60, Agosti 75. Hakuna mtu nyumbani aliyeona badiliko, kwa kuwa lilikuja polepole, ila mikono ya watoto ilichoka. Lakini daftari limeona. Pete inalika, au mlango unavuja, na ungali unao wakati wa kuagiza kipande kutoka mjini kabla pampu haijasimama.

Kuna jaribio la pili. Iache pampu nusu saa bila kutumiwa, kisha piga. Maji yakitoka mara, mlango wa chini ni mzima. Ikiwa wapiga mara nyingi ndipo maji yatokee, maji yameshuka wakati ule. Mlango wa chini haufungi, au bomba lina ufa.

Dalili nyingine ni hizi. Mpini ukiwa mwepesi ghafula na maji hayatoki kabisa, huenda fimbo imeachana au imekatika. Mpini ukiwa mzito kuliko desturi, mchanga umeingia au pete mpya inabana. Maji yakitoka kwa kukatizwa pamoja na hewa wakati wa kiangazi, kisima kinakaribia kukauka. Acha, ngoja maji yarudi, wala usipige kwa hasira. Maji yakiwa mekundu asubuhi tu kisha yakawa safi, kutu iko katika bomba la chuma. Maji yakibadilika rangi baada ya mvua, maji ya juu yanaingia kisimani. Hapo ugonjwa ni wa jukwaa, si wa pampu.

5. PAMPU ZA MOTA NA ZA INJINI

Siku hizi wako watu wenye pampu za umeme, au za nguvu ya jua, au za injini ya petroli. Hizo nazo zina adui wale wale. Mota ijengewe kibanda chenye kivuli na nafasi ya upepo kupita, maana mota hupozwa kwa hewa, na mapezi yake yakijaa vumbi hupata joto na kuungua. Yafutwe kwa brashi kavu kila juma, umeme ukiwa umezimwa. Injini ya petroli ina chujio la hewa. Wakati wa vumbi litazamwe kila juma, maana injini inayovuta vumbi hujila tumbo. Paneli za jua zioshwe kwa maji na kitambaa laini asubuhi na mapema, kabla hazijapata moto. Nazo zisigandamane na mabati; ziachiwe nafasi ya hewa, kwa kuwa paneli ikipata moto sana hutoa nguvu pungufu.

Lakini neno kuu kwa pampu za namna hii ni moja: zisizunguke pasipo maji. Maji ndiyo yanayozipoza na kuzilainisha. Kiangazi maji yakishuka, pampu ikaendelea kuzunguka kavu, huharibika kwa dakika chache, na hasara yake si ya nati moja. Fundi atakayekufungia aweke chombo cha kuizima maji yakipungua.

Tena twaonya kwa nguvu zote: mtu asiteremshe injini ya petroli ndani ya kisima, wala asishuke katika kisima kinachopigwa maji na injini iliyo karibu. Moshi wake una sumu isiyo na harufu, nao huua upesi. Kisima kirefu chaweza kuwa na hewa mbaya hata pasipo injini. Mtu asishuke peke yake kamwe, wala bila kamba kiunoni na watu wenye nguvu juu. Na mmoja akianguka chini, mwingine asimfuate kwa huruma bila kamba. Hivyo ndivyo kisima kimoja huua ndugu wawili.

Kila mara pampu inapofunguliwa, mikono na vyuma vimeingiza uchafu. Baada ya kazi, tia dawa ya klorini ya maji, ile yenye sehemu 5 katika 100, lita 1 kwa kila lita 1,000 za maji yaliyomo. Yaache saa 12, mtu asiyanywe, kisha piga maji uyamwage mpaka harufu iishe.

6. FEDHA KABLA YA MSIBA

Wako watakaosema, “Haya yote twayajua, lakini fedha hatuna.” Twajibu: fedha ya pampu huwapo wakati pampu inapotoa maji, nayo hupotea wakati inapokufa. Pampu ikiwa nzima, watu huwa na nguvu na nafasi ya kulima na kuuza maharage na kahawa. Ikifa, siku huliwa na njia ya bondeni.

Nchi yetu yenyewe ilijifunza neno hili kwa taabu. Katika mwaka 1971 Serikali ya Tanzania ilianza mpango wa miaka 20 wa kuwapatia watu wote wa vijijini maji safi karibu nao kufika 1991. Nia ilikuwa njema, na visima vingi vilijengwa. Lakini watu waliyaona maji kuwa ya Serikali, na matengenezo kuwa ya Serikali, na Serikali haikuweza kuifikia kila nati katika kila kijiji. Sera ya maji ya 2002 ikasema wazi ya kuwa wenye kutumia maji vijijini sharti walipe gharama za kuyatunza, na sheria ya 2019 ikaunda RUWASA na vyombo vya watumia maji vya vijiji. Wala si Tanzania peke yake. Katika mwaka 2009 mtandao wa wataalamu wa maji ya vijijini, RWSN, ulikadiria ya kuwa katika nchi 20 za Afrika, kila pampu 100 za mkono, 36 hazikuwa zikifanya kazi.

Mifano myema iko pia. Kwale, pwani ya Kenya, pampu zilijaribiwa tangu 1983, na wanawake wenyewe wakafundishwa kuzitunza na kutunza fedha zake. Na huko Kyuso, katika Kitui, nchi ya jua kali na vumbi kuliko yetu, Chuo Kikuu cha Oxford kilifanya jaribio katika mwaka 2013. Walitia katika mipini ya pampu vyombo vidogo vya kupeleka habari kwa simu, na mafundi wakawekwa tayari. Zamani pampu ikivunjika ilikaa siku 27 kwa wastani. Baada ya hayo ikatengenezwa chini ya siku 3. Tena watu walipoona hivyo, wakawa tayari zaidi kulipa. Pampu zile hazikuwa mpya. Kilichokuwa kipya ni habari iliyofika upesi na mtu aliyejulikana ya kuwa kazi ni yake. Nyumba yetu haina haja ya chombo cha simu katika mpini. Daftari la mapigo hufanya kazi ile ile.

Basi fanya hivi. Tafuta kopo lenye kifuniko. Tia ndani yake spana ya pampu yako, boliti na nati mbili za kila namna, pete ya mpira, na kipande cha kamba ikiwa pampu yako ni ya kamba. Tia pia daftari na kalamu. Majirani wakiteka kwako, kila nyumba ilete kitu kidogo kila mwezi, kiandikwe mbele ya watu wawili, maana mali bila daftari huisha bila habari. Nyumba tano zikinunua spana moja na vipande vya akiba kwa pamoja, mzigo ni mwepesi.

MASWALI YA KUJIFUNZA

1. Onyesha katika pampu iliyo karibu nawe mahali panapotaka grisi na mahali pasipotaka. Kwa nini grisi juu ya vumbi ni mbaya?
2. Kwa nini pampu ya kuvuta iliyofaa pwani yaweza kutofaa Manyovu?
3. Ndoo yako hujaa kwa mapigo mangapi leo? Nani ataandika mwezi ujao?
4. Mpini umekuwa mwepesi na maji hayatoki. Utatazama nini kwanza?
5. Nati ya mpini ikianguka leo jioni, spana iko wapi, na nati nyingine iko wapi?

Tulipoaga katika nyumba ile ya kwanza, yule mzee alitusindikiza hata njiani. Akasema, “Wanangu, fundi ameniambia atakuja baada ya juma mbili, na fedha anayotaka ni ya kununua nati hata za mjukuu wangu.” Akacheka, lakini macho yake yalikuwa yakitazama njia ya bondeni, ambako binti zake walikuwa wakipanda polepole na ndoo zao.

Basi, msomaji, ukiisha kusoma, usiliweke gazeti hili kando kabla hujatoka uani. Shika mpini. Uzungushe kila nati kwa spana. Ikiwa huna spana, hiyo ndiyo kazi yako ya kwanza kesho.